Kilo Moja Kati ya Tisa

Aprili 2014, manowari ya Australia iitwayo HMAS Darwin ilisimamisha jahazi kilomita zipatazo 50 mashariki ya Mombasa. Katikati ya mifuko ya saruji, wanamaji wakakuta magunia 46 ya heroini, uzito wake kilo 1,032. Thamani iliyotangazwa ilikuwa dola milioni 290 za Australia, ambazo kwa viwango vya wakati ule ni kama dola milioni 270 za Marekani. Julai ya mwaka huohuo, vyombo vya usalama vya Kenya vikaikamata meli Al Noor hapohapo Mombasa ikiwa na zaidi ya kilo 370 za heroini, nyingi yake imefichwa kwenye tangi la dizeli. Thamani iliyotangazwa safari hii ilikuwa shilingi bilioni 1.3 za Kenya, yaani dola milioni 15 hivi.

Sasa gawanya. Kilo ya Aprili ina thamani ya dola 261,000 hivi. Kilo ya Julai ina thamani ya dola 40,000. Bahari ni ileile, mwaka uleule, unga ni uleule, na bei imepishana zaidi ya mara sita.

Tofauti hiyo inatokana na soko ambalo mpiga hesabu amelifikiria. Ukiuweka mzigo kwenye mizani ya rejareja ya Sydney, utapata namba ya Sydney. Ukiuweka kwenye mizani ya Pwani, utapata ya Pwani. Na jambo hili lina uzito wake mahakamani: sheria ya Kenya ya mwaka 1994 iliweka faini ya shilingi milioni moja au mara tatu ya thamani ya dawa sokoni, ile itakayokuwa kubwa zaidi, juu ya kifungo cha maisha.

Lakini namba zote mbili zinahesabu hasara ya mwenye mzigo. Namba anayostahili kuambiwa mkazi wa Kisauni, Temeke au Mjini Unguja ni nyingine: biashara hii inatugharimu nini sisi ambao inapita mlangoni petu? Makala hii inajaribu kuipiga hesabu hiyo.

Mkulima senti 65

Tuanzie mbali, shambani. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu, UNODC, ilikadiria kwamba mwaka 2009 soko la afyuni na heroini duniani lilikuwa na thamani ya dola bilioni 68. Wakulima wa Afghanistan, ambako ilitoka sehemu kubwa ya afyuni hiyo, waliambulia takriban dola milioni 440. Katika kila dola 100 alizotoa mtumiaji wa mwisho, mkulima alipata senti 65 hivi. Dola 99 na zaidi ziliingia mifukoni mwa watu waliokaa kati ya shamba na sindano.

Faida hii hailetwi na kazi ya kulima wala ya kutengeneza. Inaletwa na hatari ya kuvusha. Kila mpaka unaovukwa, kila askari anayehongwa, kila safari inayoweza kuishia gerezani, vyote vinaongezwa kwenye bei ya kilo. Ndiyo sababu wasafirishaji hutafuta njia yenye vizuizi vichache kuliko zote. Udhibiti ulipokazwa katika barabara za nchi kavu zinazopita Iran, Uturuki na nchi za Balkan, sehemu ya mzigo ikageuzwa kuelekea kusini: ikashushwa hadi pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, ikapakiwa kwenye majahazi na kuelekezwa kwetu.

Njia hiyo babu zetu waliijua. Kwa karne nyingi kaskazi ilituletea tende na mazulia kutoka Ghuba, na kusi ikarudisha boriti za mikoko. Majahazi ya leo yana injini, lakini bahari bado ina misimu yake, na unga hupita humo zilimopita tende.

Kilo saba kwa siku

Je, ni kiasi gani? Katika ripoti yake ya mwaka 2013 kuhusu Afrika Mashariki, UNODC ilikadiria kwamba heroini inayoletwa katika ukanda huu inaweza kufika tani 22 kwa mwaka, na inayotumiwa hapahapa si chini ya tani 2.5 za heroini safi, zenye thamani ya dola milioni 160 katika masoko yetu.

Tani 22 zinaonekana nyingi mpaka uzilinganishe na shehena halali. Mwaka 2014 bandari ya Mombasa peke yake ilihudumia karibu tani milioni 25 za mizigo. Ukiutandaza unga wote wa mwaka juu ya shehena hiyo, kila tani ya mzigo itapata chini ya gramu moja. Na sehemu kubwa ya unga hata haipiti bandarini. Huhamishiwa kwenye boti ndogo baharini na kushushwa kwenye fukwe zisizo na gati wala forodha. Anayemlaumu ofisa wa forodha kwa kutoona kila kitu aikumbuke gramu hiyo.

Sasa gawanya 2.5 kwa 22. Utapata kama moja ya tisa. Kilo nane zinaendelea na safari kuelekea Ulaya na kwingineko. Ya tisa inabaki hapa. Wasafirishaji wengi huwalipa wasaidizi wao kwa unga badala ya fedha, na msaidizi huyo hana mnunuzi Ulaya. Soko lake ni vijana wa mtaa wake. Hivyo ndivyo nchi ya kupitishia inavyogeuka kuwa nchi ya kutumia.

Kilo hizo za tisa, zikijumlishwa kwa ukanda mzima, ni karibu kilo saba kwa siku. Ni uzito ambao mtoto wa shule anaweza kuubeba kwenye begi lake, na watumiaji wanaulipia dola 438,000 kila siku ya Mungu.

Hesabu ya nyumba moja

Tuzishushe namba hizi hadi chumba kimoja cha kupanga Dar es Salaam. Bei ya kete, yaani kipakiti kidogo cha unga, hupanda na kushuka kwa mtaa na kwa msimu. Kwa ajili ya hesabu tuchukue shilingi 2,000 za Tanzania. Mraibu wa heroini hawezi kukaa siku nzima kwa kete moja. Baada ya saa 6 hadi 12 arosto inaanza: mafua, baridi, mifupa kuuma, tumbo kuvurugika, usingizi kukata. Wakati huo hatafuti tena raha. Anatafuta namna ya kusimama.

Tuseme anahitaji kete 4 kwa siku. Hizo ni shilingi 8,000. Kwa mwezi ni 240,000, kwa mwaka ni 2,920,000. Mshahara wa kima cha chini serikalini ulipandishwa Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Kwa hiyo hata mwenye ajira ya kudumu angemaliza karibu nusu ya mshahara huo kwenye kete, kabla ya kodi ya nyumba na chakula. Na wengi wa tunaowazungumzia hawana ajira hiyo. Wanaosha magari, wanaokota chupa, wanapiga debe vituoni, wanaomba. Pale vibarua vinapokosekana, vitu vya nyumbani vinaanza kuondoka: sufuria, simu, feni, bati la jirani, nyaya za umeme.

Hapa kuna hesabu ambayo watu huisahau. Kitu cha wizi hakiuzwi kwa thamani yake. Simu ya shilingi 200,000 ikiuzwa kijiweni kwa 40,000, muuza unga amepata 40,000 lakini mtaa umepoteza 200,000. Mtumiaji wetu akipata nusu tu ya fedha zake kwa njia hiyo, yaani 120,000 kwa mwezi, majirani wamepoteza mali ya 600,000. Kila shilingi ya wizi inayomfikia muuza unga imebomoa shilingi tano za watu wasiowahi kuuona unga huo.

Bado hatujaweka gharama zisizo na risiti. Kuna mama aliyeacha genge lake la mboga ili ashinde nyumbani akilinda vyombo. Kuna dada anayelipa madeni ya kaka yake kwa siri, na mtoto aliyepelekwa kwa bibi. Makufuli yanaongezeka mlangoni na wageni wanapungua. Familia nyingi za Pwani hulificha jambo hili kwa aibu, na aibu hiyo ina bei yake, kwa sababu inamchelewesha mgonjwa kufika kwenye matibabu kwa miaka.

Sindano na damu

Heroini ilipoanza kuenea katika miji ya Pwani, wengi waliivuta. Baadaye wengi wakahamia kwenye bomba la sindano, kwa kuwa kiasi kidogo kinachodungwa hufanya kazi haraka na kwa nguvu zaidi. Hapo tatizo likavuka mpaka wa waraibu.

Tanzania Bara ilikadiriwa kuwa na watu 30,000 hivi wanaojidunga, na tafiti za Dar es Salaam zikakuta zaidi ya theluthi moja yao wana virusi vya UKIMWI, wakati kiwango cha watu wazima nchini kilikuwa asilimia 5 hivi. Kenya ilikadiriwa kuwa na watu 18,000 hivi wanaojidunga, na kiwango chao cha maambukizi kilikuwa asilimia 18, zaidi ya mara tatu ya kile cha taifa. Zanzibar tofauti ni kali zaidi: katika jamii kwa jumla maambukizi hayafiki au yanaikaribia tu asilimia 1, lakini utafiti wa mwaka 2007 uliwakuta wanaojidunga wakiwa kwenye asilimia 16.

Wanawake ndio walioumizwa zaidi. Katika tafiti za Dar es Salaam za miaka hiyo, zaidi ya nusu ya wanawake waliokuwa wakijidunga walikutwa na virusi. Mwaka 2005 watafiti waliandika katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ, kuhusu desturi waliyoikuta jijini humo: mwanamke aliyekwisha kujidunga huvuta damu yake kwenye bomba na kumpa mwenzake asiye na fedha ya kete, kwa imani kwamba damu hiyo ina unga wa kutosha kumtuliza. Kwa waliofanya hivyo ulikuwa msaada wa rafiki kwa rafiki. Umaskini ulikuwa umefika mahali ambapo huruma yenyewe inabeba virusi.

Kila aliyeambukizwa atahitaji dawa za kufubaza virusi maisha yake yote, na mpangaji wa bajeti yoyote ya afya anajua maana ya neno maisha. Theluthi ya watu 30,000 ni watu 10,000. Hao ni wagonjwa wa kila siku kwa miongo kadhaa, na hakuna hata mmoja kati yao anayetajwa kwenye ile thamani inayotangazwa mzigo unapokamatwa.

Bei ya kufumba macho

Zile kilo nane zinazopita nazo hazipiti bure. Mchambuzi Joseph Hanlon, aliyeifuatilia Msumbiji kwa miaka mingi, alikadiria mwaka 2018 kwamba tani moja ya heroini inayopitia nchi hiyo ina thamani ya dola milioni 20, na kwamba dola milioni 2 hivi hubaki nchini kama faida, hongo na malipo kwa wakubwa. Hiyo ni dola 2,000 kwa kilo. Fedha hizo hazijengi kiwanda. Hununua ukimya wa zamu moja ya doria, faili linalopotea, shahidi asiyefika mahakamani.

Mfano wa wazi tunao. Ndugu wawili wa Mombasa, Baktash na Ibrahim Akasha, walikamatwa Novemba 2014 baada ya watu wao kuwafikishia maajenti wa siri wa Marekani kilo 99 za heroini na kilo 2 za methamfetamini. Ombi la kuwapeleka Marekani lilizungushwa mahakamani kwa zaidi ya miezi 26, mpaka walipokabidhiwa Januari 2017. Huko New York, Oktoba 2018, wote wawili wakakiri makosa, likiwemo la kuzuia haki kwa kutoa hongo Kenya ili wasipelekwe. Baktash alihukumiwa miaka 25 mwaka 2019, Ibrahim miaka 23 mwaka 2020. Safari ya New York kutoka kukabidhiwa hadi kukiri ilikuwa fupi kuliko muda uliotumika Mombasa kuamua tu kama wapelekwe.

Mwananchi aliyedhulumiwa kiwanja au kunyimwa mirathi huenda mbele ya mahakama zilezile na kupanga foleni kwenye vituo vilevile vya polisi. Hakimu aliyekwisha kujifunza bei yake kwenye kesi ya unga hataisahau akikaa kwenye kesi ya kiwanja. Na sokoni, anayejenga ghorofa au kuendesha duka ili kusafisha fedha hana haja ya faida. Anaweza kuuza kwa hasara mwaka mzima. Mfanyabiashara halali aliye jirani yake, mwenye mkopo wa benki, hawezi.

Baharini nako kuna pengo. Manowari za mataifa zinazofanya doria nje ya maji yetu mara nyingi hazina mamlaka ya kushtaki. Huuharibu unga palepale, kisha mabaharia wa jahazi huachiwa waende zao. Mzigo unapotea lakini mtandao unabaki.

Dirishani saa moja asubuhi

Upande wa pili wa daftari una habari njema, na namba zake zinastahili kupigiwa kelele kama zile za ukamataji. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, dawa mbadala ya heroini. Ilikuwa kliniki ya kwanza ya aina hiyo kwa umma katika Afrika bara kusini mwa Sahara. Kenya ikafuata Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, kisha Malindi na Mombasa mwaka 2015. Zanzibar nayo ikaanza Kidongo Chekundu, baada ya nyumba za upataji nafuu kuwa zimekwisha kuonyesha njia tangu mwaka 2009.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mgonjwa anafika dirishani, anakunywa dozi yake mbele ya mfamasia, anaondoka. Methadoni inashika siku nzima, haileti ule mpandisho wa heroini na inaizuia arosto. Mtu aliyekuwa akiwinda kete mara nne kwa siku sasa ana saa za kufanya kazi.

Turudi kwenye bei yetu ya mfano. Tanzania ina zaidi ya wagonjwa 10,000 waliofikiwa na huduma hii. Kila mmoja wao akiacha kumpelekea muuza unga shilingi 8,000, ni shilingi milioni 80 kwa siku zilizoondolewa kwenye biashara, au bilioni 29.2 kwa mwaka. Hakuna manowari iliyohitajika.

Kizuizi kikubwa ni kidogo kuliko unavyodhani. Dozi ni ya bure lakini daladala si bure. Tangu Desemba 2023 nauli ya safari isiyozidi kilomita 10 ni shilingi 600. Kwenda na kurudi ni 1,200. Kwa siku 30 ni 36,000. Anayepanda magari mawili analipa maradufu. Asiyekuwa nayo anakosa dozi, na siku mbili tatu za kukosa zinatosha kumrudisha maskani.

Mzigo umebadilika

Wakati tukijifunza kutibu heroini, chanzo kikageuka. Aprili 2022 Taliban walipiga marufuku kilimo cha afyuni. UNODC ikaripoti kwamba mavuno ya Afghanistan yalianguka kutoka tani 6,200 mwaka 2022 hadi tani 333 mwaka 2023, upungufu wa asilimia 95. Ungetarajia majahazi yatulie. Badala yake, Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania ilitangaza ukamataji mkubwa kuliko wowote uliowahi kufanyika nchini hadi wakati huo: kilo 3,182, katika mikoa ya Dar es Salaam na Iringa. Heroini ilikuwa kilo 1,001.71. Zilizobaki, kilo 2,180.29, zilikuwa methamfetamini, zaidi ya theluthi mbili ya mzigo.

Tofauti hiyo itatuumiza tusipoiangalia. Methadoni hufanya kazi kwa sababu iko katika ukoo mmoja na heroini. Methamfetamini ni ya ukoo mwingine: inamkesheza mtu siku kadhaa, inamjaza hofu na hasira, na mpaka sasa haina dawa mbadala ya kunywa dirishani. Matibabu yake ni ushauri nasaha, uangalizi na muda, vitu vinavyohitaji watu waliofunzwa. Kliniki zetu zilijengwa kwa ajili ya mzigo wa jana.

Tuhesabu kipi

Siku mzigo mwingine utakapomwagwa mezani mbele ya kamera na thamani yake kusomwa kwa mabilioni, pongezi ziende kwa walioukamata. Wengine huhatarisha maisha yao. Kisha tudai na namba nyingine zisomwe siku hiyohiyo: kesi ngapi za mwaka uliopita zimefika hukumu, mali kiasi gani ya wasafirishaji imetaifishwa, na wagonjwa wangapi wanasubiri matibabu.

Sheria za kutaifisha mali ya uhalifu tunazo, Kenya na Tanzania. Kinachokosekana ni mfereji wa kuitoa mali hiyo ilipo na kuifikisha kwa aliyeumizwa. Nauli ya mgonjwa mmoja ni shilingi 36,000 kwa mwezi. Ya wagonjwa 10,000 ni milioni 360. Nyumba moja ya ufukweni iliyojengwa kwa fedha ya unga, ikitaifishwa na kuuzwa kwa kiasi hicho, inawafikisha wote dirishani kwa mwezi mzima. Nyumba kumi na mbili za aina hiyo ni mwaka.

Anayepita kwenye barabara za fukwe za miji yetu ajaribu kuhesabu.